Siku Niliyopiga Plasta kwa Mchanga wa Nzige

Nakumbuka siku moja nikiwa juu ya ngazi, mwiko mkononi, nikipiga mluzi kwa raha zangu, huku nikiharibu kazi ya mke wangu ya miezi mingi. Ilikuwa Jumatano. Sikujua kwamba ninaharibu. Nilidhani ninamfurahisha, na ndiyo sababu ninakusimulia wewe, mwanangu, unayejiandaa kuanzisha nyumba yako.

Usinicheke nikisema mambo haya yalinipata ujanani. Kwa hesabu ya miaka, mvi zilikuwa zimeshaanza kuchungulia. Lakini kazi ya nzige ilikuwa changa pale nyumbani, na katika kazi hiyo mimi nilikuwa mtoto asiyejua hata kutambaa. Mtu anaweza kuwa mzee barazani akawa kitoto jikoni kwake.

Mimi ni fundi wa mawe hapa Kiminini. Nusu ya nyumba unazoziona ukielekea Kitale zina ukuta uliopita mikononi mwangu. Nasema nusu, mke wangu husema robo. Yeye ni Nafula, mzaliwa wa Bumula, na kwa kuwa kifungua mimba wetu ni Wekesa, watu humwita Mama Wekesa. Watoto wetu watatu walipomaliza shule na kutawanyika, alihudhuria mafunzo fulani ya wakulima, akarudi na habari kwamba anataka kufuga nzige. Si kuku, si sungura. Nzige.

Nikamwambia, "Mama Wekesa, watu wanapuliza dawa kufukuza hao wadudu, na wewe unataka kuwajengea nyumba?"

Akanijibu bila kuinua uso, "Yohana Mbatizaji alikula nzige na akabatiza watu. Wewe umebatiza nani?"

Basi akaligeuza jiko letu la zamani, lililokaa bure tangu nijenge jipya, kuwa chumba chao. Alipigilia masanduku ya mbao yenye wavu, akatia balbu ndani ili wapate joto, na kila asubuhi alikata nyasi kando ya ua mahali pasipopulizwa dawa. Aliwaongezea pumba za ngano. Wale wachache aliopewa mafunzoni wakawa wengi. Kuku wake waliokula nzige waling'ara manyoya, nasi pia tukakaangiwa kwa chumvi na kitunguu. Sitakudanganya, nilikula, na nikaomba niongezwe. Ila mlango wa chumba kile sikuwa nimeuvuka hata mara moja. Ungeniuliza wadudu wale wanazaanaje, ningekujibu kwamba wanazaana tu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kitanda kile nilikula juu yake bila kukilalia.

Leo ninajua, kwa hiyo nikueleze. Nzige jike hutaga mchangani. Hudidimiza mkia kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, usiolowa, akaacha mayai yake humo chini. Nafula alikuwa akichukua mchanga wa mto, akauosha, akaukaanga kwenye sufuria ili afe kila siafu na kila kijidudu, akauchekecha, akaunyunyizia maji, kisha akaujaza kwenye makopo ya rangi niliyokuwa nimeyatupa. Nzige wakishataga, yeye huyaweka makopo kando penye joto na kuhesabu siku mpaka watoke tunutu, yaani watoto wao wasio na mabawa. Haya yote yalifanyika hatua kumi kutoka kwenye kiti ninachokalia nikinywa chai.

Sasa, mwaka ule wanawake wa kikundi cha kwao Bumula walisikia habari zake wakataka waje waone. Walikuwa sita. Nafula aliwaahidi kwamba kila mmoja atarudi na kopo lake la mayai, akaanze kufuga. Hujui, mwanangu, ahadi hiyo ilikuwa na uzito gani kwake. Alipoolewa huku, watu wa kwao walisema amepotelea Kitale, hana atakachowarudishia. Akaandaa makopo saba, sita ya wageni na moja lake, kwa sababu wale nzige wakubwa walikuwa wamechoka, mabawa yamechanika, hawawezi kutaga tena. Uzao wote wa nyumba ile ulikuwa ndani ya makopo saba, pamoja na neno lake.

Wageni wangekuja Jumamosi. Na sebuleni kwetu palikuwa na ufa. Kinyozi hajinyoi, na fundi hapigi plasta kwake. Miaka miwili Nafula alikuwa akiutazama ufa ule na kuniimbia, "Usipoziba ufa," halafu ananiachia nimalizie mwenyewe. Jumatano ile alipokwenda Kitale kununua mafuta ya kupikia na vikombe, moyo wangu ukanisuta. Nikasema leo akirudi atakuta ukuta kama wa benki. Saruji nilikuwa nayo. Mchanga ndio haukuwepo.

Nikaanza kuzunguka boma nikitafuta, hadi nikachungulia chumba cha nzige, nikaingia. Ah! Mwanangu, mimi nimeshika mchanga tangu utoto. Ninaujua mchanga wa mto Nzoia na ninaujua wa mto Malakisi, ninajua ule uliochanganywa na udongo ili mnunuzi aibiwe. Lakini mchanga kama ule wa makopo sikuwa nimeuona. Ulikuwa safi, laini, umekauka juu na una ubaridi kidogo chini. Nikajiambia, huyu mwanamke ana mchanga wa kifalme na ameuweka uchezewe na panzi.

Nikachukua chekeche. Fundi mzuri hata mchanga mzuri huuchekecha tena. Kila nikimimina kopo, juu ya wavu vilibaki vifungu vidogo vya mchanga ulioshikamana, na ndani yake punje za manjano kama mchele. Nikadhani ni pumba. Nikavitupia kuku, nao wakapigana. Makopo sita yaliutosha ukuta, la saba nikaliacha.

Nafula aliporudi, alisimama mbele ya ukuta na uso wake ukafunguka. Akaugusa kwa kiganja.

"Baba Wekesa! Umeziba!"

"Nilitaka ukirudi upate iko tayari."

"Na mchanga ulitoa wapi?"

"Ile ya makopo. Hiyo mchanga ni safi, bana! Hata nilichekecha tena ikatoka kama unga."

Mkono wake ukabaki pale ukutani.

"Ukachekecha. Na zile zilibaki kwa chekeche?"

"Nilitupia kuku."

Akakaa juu ya mfuko wa saruji na nguo zake nzuri za kwenda mjini. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

"Hizo zilikuwa mayai," akasema. "Za wamama wa Bumula. Si ungeniuliza tu? Kuniuliza ni ngumu aje?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na mayai yakishaliwa na kuku ndiyo yamekwisha. Nilikwenda kulitazama lile kopo la saba, nikalirudisha rafuni polepole kwa mikono yote miwili, kana kwamba heshima ile ingefaa kitu.

Alhamisi mama mkwe wangu akafika kutoka Bumula, mapema kuliko wenzake, ili amsaidie bintiye kupika. Watoto wetu humwita Kukhu, yaani nyanya. Desturi yetu unaijua: mimi na yeye hatushikani mikono, hatukai sebule moja, na hatusemezani uso kwa uso. Tunaheshimiana kwa mbali. Kwa hiyo nilijua kwamba hata akikasirika vipi, hataweza kunigombeza. Nilikuwa nimemdharau mzee.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nikiosha vyombo vyangu vya kazi. Kukhu akatoka na ungo wa mahindi, akanipa mgongo, akaanza kulisha kuku. Akamchagua mmoja, akamwambia kwa sauti ya kunitosha:

"Wewe kuku, kula polepole. Lakini ujichunge na mtu anakupenda na hakuulizi. Huyo siku moja ataona umesimama na mguu moja, aseme maskini, huu mwingine unamsumbua, aukate."

Akatupa mahindi kidogo.

"Wewe hujui kusema, wewe ni kuku. Lakini mtoto wangu anajua. Mimi nilimzaa na mdomo."

Akaingia ndani. Nimegombezwa na wakandarasi, mwanangu, nimegombezwa na wenye nyumba na hata na chifu, lakini sijawahi kugombezwa nikachomeka kama siku ile.

Jioni nilimwendea Nafula nikafanya jambo nisilolizoea. Nikamuuliza. "Kesho, unataka niwaambie mimi, ama utawaambia wewe?"

"Wewe," akasema.

Jumamosi, walipokwisha kuomba na kunywa chai, nilisimama mbele ya wanawake sita nikaeleza kila kitu, tangu ngazi hadi kuku. Kukhu alikuwa nje barazani, dirisha wazi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene wa kucheka, akapangusa machozi ya kicheko.

"Kwa hivyo nzige yetu iko kwa hiyo ukuta?"

"Hapana mama. Iko kwa kuku."

Wakaangua kicheko wote. Nafula hakucheka. Alileta kopo la saba akaliweka mezani, akasema, "Mimi niliwaahidi. Hii ndiyo imebaki, chukueni." Hapo kicheko kikaisha.

Mwenyekiti akalisukuma kopo likarudi mbele yake. "Mbegu ikiwa moja haigawanywi. Kaa nayo, dada, ulee mpaka watage. Sisi tutangoja. Lakini huyu fundi," akanigeukia, "huyu atatutengenezea masanduku."

Nikasema ndiyo. Nikafungua kinywa niwaeleze masanduku hayo yatakuwaje, marefu kiasi gani, mlango upande gani. Barazani mtu akakohoa. Nikafunga kinywa, nikakifungua upya: "Mnataka zikae namna gani?"

Walizungumza karibu saa nzima. Mmoja ana mgongo mbaya, akataka sanduku lake liwe na miguu mirefu asiiname. Mwingine akataka mlango mdogo wa juu, wa kupitisha mkono tu. Mimi fundi wa miaka yote hiyo nisingewaza hata moja katika hayo.

Siku zikapita, kopo likiwa karibu na balbu. Nilikuwa nje nikipiga randa mbao za masanduku Nafula aliponiita kutoka chumbani mwake.

"Baba Wekesa, unataka kuona?"

Nikaingia, mara yangu ya kwanza kualikwa. Mchanga ulikuwa ukitikisika. Kikatoka kimoja, cheupe, kidogo kama siafu, kikajinyoosha. Wakafuata wengine, mmoja nyuma ya mwingine, na tukiwatazama wakaanza kubadilika rangi kuwa weusi. Nafula alikuwa akicheka peke yake, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu Jumatano ile. Mimi nilifurahi, na hapohapo nikaona haya. Maana alikuwa ameniuliza. Unataka kuona? Nikajaribu kukumbuka ni lini mimi niliwahi kumuuliza neno kama hilo, na sikukumbuka. Nguo nilimnunulia, ng'ombe nilimletea, nyumba nilimjengea, na vyote nilivichagua mimi.

"Nafula," nikamwita kwa jina lake. "Wakati nilijenga hii jikoni mpya. Dirisha. Ulitaka iangalie wapi?"

Mimi nililielekeza kwenye zizi, kwa sababu upande ule ulikuwa rahisi kwangu. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kopo.

"Barabarani," akasema. "Nilitaka nikipika nione watoto wakitoka shule."

Mwanangu, watoto wale wameshakuwa watu wazima. Miaka yote waliyokuwa wakija na sare zao na viatu mkononi, mama yao alikuwa akipika huku akitazama makalio ya ng'ombe, na hakuna siku alinung'unika. Nilitoka nje nikalia, wala sikujificha. Kisha nikarudi nikamuuliza kama bado anataka. Akasema bado. Wiki iliyofuata nilivunja ukuta nikahamishia dirisha barabarani. Siku hizi huwaona watu wakitoka sokoni, na wajukuu wakija likizo huwaona kutoka mbali. Lakini zile sare siwezi kumrudishia, hata ningekuwa fundi wa Mfalme Sulemani.

Tunutu wale walikua, wakataga, na Nafula akapeleka makopo sita Bumula kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilimfuata nyuma nimebeba masanduku. Nzige wa kule sasa ni wengi kuliko wetu.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Upendo si kazi ya kubahatisha. Kabla hujamtendea mwenzako wema, muulize. Muulize hata kama wewe ni fundi na yeye si fundi, na hata kama unadhani unamjua kama kiganja chako. Usiguse kilicho chake kwa sababu tu machoni pako ni mchanga. Kuuliza si ujinga, na hakuna mume aliyepungua kimo kwa kumwuliza mkewe dirisha likae wapi. Tena uulize mapema, saruji ikiwa bado mbichi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akubariki wewe na huyo utakayemleta nyumbani. Akujaze mikono kazi na meza chakula. Awape watoto, na siku utakapomuuliza mwenzako anataka nini, Mungu akujalie uwe bado una wakati wa kumpa.