Kiprono na mwimbaji anayemliza

Leo nimeona mwanaume akiaibishwa na simu yake mwenyewe.

Tulikuwa kwa hoteli ya Mama Moraa hapa Sotik, tukibishana juu ya bango la tamasha la Jumamosi. Nani mkali kuliko wote?

Nikasema Chelangat, yule mama wa Bomet anayeimba Kikipsigis.

Jirani yangu Kiprono akacheka mpaka chai ikamwagika. Huyu ni mtu alikaa Nairobi kidogo tu, akarudi na miwani ya jua ambayo havui hata ndani ya nyumba.

"Huyo ni wa harusi na matanga," akasema. "Mtu anajua muziki hawezi sikiza hiyo kelele. Mimi naenda kuona wasanii wa Nairobi."

Mama Moraa akamuuliza, "Niimbie wimbo wao mmoja."

Akasema ziko nyingi, hajui aanzie wapi. Sawa basi.

Hapo simu yake ikaita mezani. Na mlio ni nini? Ni Chelangat, na gitaa lake lote.

Kiprono akaikimbilia, na kwa haraka akabonyeza spika. Ni bibi yake.

"Baba Chebet, nimepata tiketi za Chelangat. Tutakaa mbele kabisa. Lakini tafadhali, usilie tena kama ile siku ya harusi."

Sote tukamgeukia Kiprono.

Akavua miwani.

Nyinyi wa kudharau cha kwenu mbele ya watu, halafu mnakililia nyumbani, mko wangapi hapa? Jitokezeni.