Upande wa Kivuli wa Mkarafuu

Mpaka leo nikiona mti uliodariziwa kwa kijani kimoja, mviringo kama chapati, damu hunichemka. Watu huniambia nisamehe, yashapita. Hayajapita.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami msichana wa skuli hapo Mji Mkongwe. Darasa letu la kushona liliambiwa lidarizi kitambaa chenye mkarafuu, kitundikwe ukutani siku ya maonesho. Kuchora nikapewa mimi. Nilichukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikatia rangi mraba mmoja mmoja, maana kila mraba kwenye karatasi ungekuwa mishono miwili iliyopishana kwenye kitambaa. Wenzangu walitaka kivuli kizunguke mti mzima, pembeni giza, katikati mwanga. Huo si mti, huo ni mpira! Jua lina upande wake. Nilikwenda shamba kwa babu asubuhi, nikautazama mkarafuu mpaka shingo ikaniuma: upande wa jua kijani cha ndimu, kati kijani cha kisamvu, na upande wa pili, chini ya matawi, kijani kinachokaribia weusi. Humo ndani ya majani nikaacha miraba mitupu, kwa sababu mbingu huchungulia.

Tabu ilikuwa uzi. Madukani hamna. Kijani kile cha giza alikuwa nacho shangazi yangu peke yake, nacho kilikuwa kwenye foronya aliyoidarizi mwenyewe kwa harusi yake. Mumewe alikuwa keshafariki. Aliifumua foronya mbele yangu, uzi akauzungusha kwenye kijiti.

"Chukua, mwanangu. Huku ndani nnautazama mimi tu. Huko utaonwa na watu."

Nilidarizi mpaka vidole vikatoboka. Nilipomaliza, mwalimu wetu wa kushona alisimama mbele ya kitambaa, akakunja uso.

"Mti gani huu uloungua nusu? Wageni waje waseme karafuu zetu zinakufa?"

"Hicho kivuli, Mwalimu."

"Kivuli hakina kazi kwenye maonesho. Fumua."

Mtu aliyekulia kisiwa cha karafuu, hajapata kuuona mkarafuu ukiwa na upande wa nyuma! Aliogopa wageni kuliko alivyoyaamini macho yake. Akaniwekea mkasi mezani, akaenda zake. Uzi ule ulikuwa umeshashonwa mara mbili; ulitoka vipandevipande, haufai hata kutungia shanga. Niliufagia. Wenzangu wakajaza kijani cha ndimu mti mzima, na wageni wakausifu.

Shangazi alikuja siku ya maonesho amevaa buibui lake zuri. Alikisogelea kitambaa, akapitisha kidole upande wa kushoto, kisha wa kulia.

"Uzi wangu u wapi?"

"Mwalimu kaufumua, Shangazi."

Alimlaani mwalimu yule njia nzima mpaka nyumbani, nami nikawa namwitikia. Nimeendelea kumwitikia miaka yote hii. Mwalimu alitoka darasani, sikusema sitaki, na mkasi niliushika mimi. Shangazi amekufa akijua ni mwalimu.