Misumari ya Dirisha la Sebule

Baba yangu mdogo alitukimbilia Mususa, mtaa wetu wa Butembo, kutoka upande wa Beni akiwa na mfuko mmoja na kikohozi. Tulidhani ni vumbi la njiani. Alikonda wiki baada ya wiki, mpaka kituo cha afya kikatoa jibu: kifua kikuu.

Siku hiyohiyo mama alimtengea sahani, kikombe na kijiko, akavitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha visichanganyike na vyetu. Mahali pa kulala hakuna aliyemtengea. Tulikuwa watu tisa katika vyumba viwili na sebule. Aliendelea kulala sebuleni, godoro moja na mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka miwili. Dirisha la hapo lilikuwa limezibwa kwa mbao. Baba mdogo alizipigilia misumari mwenyewe, juma alilofika.

Kituo kilikuwa kimeagiza mtoto naye anywe dawa ya kumkinga, lakini mimi siamini jambo kwa sababu tu limesemwa na mkubwa. Nilikwenda kituoni kumuuliza muuguzi maswali, na kwa ukali: kwa nini mtoto asiyeumwa anywe vidonge miezi mizima? Hakukasirika. Alisema watampima kwanza. Akiwa mzima, vidonge vitaua vijidudu vilivyojificha kabla havijaamka, maana mwili wa mtoto mdogo hauna nguvu ya kuvizuia.

"Na sahani?"

"Sahani haina kosa. Ile ugonjwa inapita mu hewa. Mufungue dirisha, mutoto alale mbali naye."

Mchana huo nilichukua sahani yenye alama nyekundu, nikapakua bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikaanza kula mbele ya wote.

"Weye!" mama alipiga kelele. "Unatafuta kufa? Ni juu ya ile tulikusomesha?"

"Mama, sahani haikohoe."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Nikaona nimepata nafasi. "Sasa tutoe zile mbao."

Kicheko kikakatika. "Ile, hapana."

"Baba mudogo, mutoto anapumua kikohozi yako usiku muzima."

"Weye haukukuwa kule. Walipitia mu dirisha. Diplome yako inaweza zuia panga?"

Nilikumbuka bango la kituoni: familia ya watu wanne, dirisha kubwa, pazia likipepea. Hakuna bango linalomwambia mtu aliyeona wauaji wakiingia dirishani alale vipi. Halafu wanasema sisi ni wabishi, hatuelewi. Tunaelewa. Kurundikana watu tisa hatukukuchagua, vita vilitusukumia huko. Lakini nilikataa mtoto ndiye alipie.

Nilileta nyundo, nikaiweka mezani kati ya vyombo.

"Panga haikumupata huyu mutoto. Sasa ni sisi tutamuua?"

"Nyamaza!" mama alisema. "Ni baba yako huyo."

Sikunyamaza. Nilirudia swali, pole pole. Dada yangu alimpakata mwanawe, akamtazama baba mdogo bila kupepesa macho.

Baba mdogo akainyakua nyundo.

"Lete hapa. Weye utapasula mbao yangu bure."

Aling'oa msumari mmoja mmoja, akaitia yote mfukoni. Baridi ya Butembo ikaingia pamoja na kelele za pikipiki. Mama alijifunika kitenge, akanung'unika kwamba sasa tutakufa na baridi. Dada akabeba nguo za mtoto, akazipeleka chumbani alikolala yeye.

Kesho yake nilimpeleka mtoto kupimwa. Baba mdogo alitufuata, kitambaa mdomoni, hatua kadhaa nyuma. Kila tukifika kona aliniuliza nani amebaki karibu na dirisha.

"Mama," nilimjibu.

Kona iliyofuata akauliza tena. Nikamjibu tena.