Ndizi Ndani ya Ngalawa

Puanani alikuwa na miaka sitini, na kocha alimwambia waziwazi: akiishiwa nguvu tena katikati ya mashindano, kiti chake kwenye ngalawa atapewa Mahina. Huyo Mahina ndiye aliyemchukulia mume, Keoki, pamoja na jiko la gesi. La mume angeweza kumsamehe. La kiti, hapana.

Asubuhi ya mashindano hasira zilimshibisha, hakugusa chakula. Walipoizunguka rasi, mikono ilimlegea kama kamba zilizolowa.

"Shoga, unapiga kafi au unakoroga uji?" akauliza Uilani, aliyekuwa nyuma yake akiongoza chombo.

"Nimekwisha, mwenzangu."

Uilani akachomoa ndizi kifuani, akampa. Wanawake wa mbele wakageuka na kupiga kelele.

"Ndizi chomboni! Mvuvi akiwa nayo hapati hata dagaa, sisi tutapona?"

"Nuksi iko pale ufukweni, imevaa miwani yangu ya jua," akajibu Puanani, akimwonyesha Mahina kwa kidevu, akaimeza ile ndizi kwa matonge mawili.

Baada ya muda mikono ikaamka. Walimaliza wa nne, naye bado anapiga kafi kama anamchapa mtu.

"Mama, kiti chako hakiguswi," kocha akasema.

Ganda hakulitupa baharini. Alilificha nguoni mpaka nchi kavu, akapita polepole kando ya mashua ya Keoki, akalisukuma chini ya kiti, ndani kabisa. Kesho yake Keoki alikuwa anakwenda kuvua.