Kiraka cha Kashindye

Siku hizi wavu ukichanika watu wanautupa. Juzi nimeuona mmoja ufukweni, mzima kabisa isipokuwa tundu moja la kupitisha kichwa cha mbuzi, umeachwa kwenye tope. Nikamkumbuka Luhaga. Yeye angeuokota, akamtukana aliyeutupa, kisha akauziba kabla chai haijapoa.

Luhaga alikuwa mwalimu wa nyavu katika chuo cha uvuvi nilichokuwa mtunza bohari. Nasema mwalimu kwa sababu wanafunzi walimwita hivyo. Barua yake ya ajira ilisema mhudumu, na mhudumu akabaki miaka ishirini na miwili, huku vijana aliowafundisha wakienda kuwa mabwana samaki wa ziwa zima. Ufundi wa nyavu aliupata kwa baba yake huko Magu, enzi za nyuzi za pamba zilizochemshwa na magome ya miti ili zisioze. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, akaishia vichwa vya habari. Mimi mwenyewe sikuvuka darasa la nne. Ninachokijua nilikitoa kwenye vitabu vilivyoletwa bohari vikaoze.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya bohari, na utaratibu wake ulikuwa mmoja. Kila mwanafunzi alishona wavu wake mwenyewe wa pima mbili, kazi ya wiki tatu. Siku anapoumaliza, Luhaga alichomoa kisu akautoboa katikati. Wapo waliolia.

"Kushona wavu mpya hata mashine inajua," aliwaambia. "Nataka kuona kama mnajua kuuguza."

Mwanafunzi alipomaliza kuziba, Luhaga alifumba macho akapitisha vidole toka pembe hadi pembe. Akikipata kiraka, alikikata, mtu akaanza upya. Asipokipata, umefaulu. Watu wazima, wenye vitambi na magari ya serikali, walikuwa wakirudi chuoni kumkumbusha siku hiyo kama wanavyokumbusha siku ya harusi.

Mwaka 1994 mambo yalikuwa yamegeuka. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota mjini kama uyoga. Sangara aliondoka kwa ndege, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa, na kila kijana alitaka koti jeupe la kiwandani. Mkuu wa chuo akatutangazia wafanyakazi kwamba wanaomaliza mwaka ule wataandika kila mmoja, bila jina, jambo lililompendeza kuliko yote katika masomo yake. Somo ambalo halitatajwa na wanafunzi kumi litaondolewa. Wanafunzi wenyewe walikuwa thelathini na mmoja.

"Wanafunzi wanachagua masomo?" Luhaga aliniuliza. "Na ng'ombe atachagua josho?"

Wiki ya mitihani mkuu alikuja kibandani akasimama mlangoni kutazama. Nami nilikuwepo, nikigawa nyuzi. Rwekaza, kijana wa Bukoba mwenye mdomo, alimaliza wa kwanza, kiraka chake kikakatwa.

"Lakini mwalimu, nyavu za Mjapani ziko madukani Mirongo pale, nakwenda kununua tu!"

"Na ukichanika umo katikati ya ziwa, utamwita Mjapani? Kaa chini, mheshimiwa. Anza upya."

Akafuata Kashindye, binti wa wafugaji wa Misungwi. Alipokuja chuoni alikuwa hajawahi kupanda hata mtumbwi, na Luhaga alimwita "binti wa maziwa." Viraka vyake sita vilikuwa vimeshakatwa. Hiki kilikuwa cha saba. Luhaga alifumba macho, vidole vikatembea, vikafika katikati, vikapita. Akafungua macho.

"Sikioni," alisema.

Kibanda kizima kilipiga vigelegele. Kashindye alicheka mpaka akakalia ndoo ya maboya. Mkuu naye alipiga makofi mawili, akaondoka.

Wiki iliyofuata karatasi zililetwa kwangu bohari zihifadhiwe, mkuu akiwa ameshazisoma. Luhaga aliingia, akafunga mlango.

"Nisomee."

Nikasoma. Ishirini na tatu walipendezwa na ziara ya kiwanda cha minofu. Waliandika habari za mabuti meupe, barafu, na wali waliolishwa mchana. Saba waliandika safari ya boti ya mafunzo. Moja tu ndiyo ilitaja somo lake: "Siku mwalimu Luhaga alipofumba macho akashindwa kukiona kiraka changu. Mimi ambaye sikuwa najua hata wavu unashikwaje."

Nilidhani atasikitikia hesabu. Alibaki akiitazama ile karatasi moja.

"Nilikiona," alisema. "Fundo la mwisho limekazwa mno. Mtoto mdogo angeliona."

Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akimwachia mtu fundo moja. Pale pale mlango ukagongwa. Alikuwa Kashindye, begi begani, amekuja kurudisha sindano ya nyavu ili nimsainie karatasi ya kuondokea.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mzee wa bohari. Fanya haraka mzee wangu, basi la Misungwi linaondoka saa nane."

"Marahaba," Luhaga alisema. "Wavu wako uko wapi?"

"Huu hapa begini. Nakwenda kumwonyesha mama."

Aliuchukua, na safari hii hakufumba macho. Kidole kilikwenda moja kwa moja. "Kiraka hiki hapa. Hata siku ile kilikuwa hapa hapa."

Kashindye alitazama kidole, akamtazama yeye. "Sasa kwa nini ulisema hukioni?"

"Mkuu alikuwa mlangoni. Niliogopea somo langu."

"Ukanifanya nicheke mbele ya watu kama mwehu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaenda nikaandika!"

"Nimesikia ulivyoandika. Ndiyo maana nakwambia."

Nilikwisha kushika kalamu. Kwangu mimi shauri lilikuwa limekwisha. Somo limekufa, kibanda kitawekwa vigae vyeupe kiwe cha kufundishia minofu, na kweli kiliwekwa kabla ya Krismasi, Luhaga akarudishwa Magu na barua ya mistari minne. Lakini Kashindye alitua begi chini, akaninyooshea mkono.

"Mzee, nirudishie ile sindano." Kisha akamgeukia Luhaga. "Kata."

Luhaga akakata.

Alikaa sakafuni kwangu, kati ya makopo ya rangi. Alipunguza kingo za tundu, akatafuta fundo lenye miguu mitatu, lililobakiwa na nyuzi tatu, pa kuanzia, akaanza kupanda na kushuka, jicho la wavu kwa jicho. Saa nane ilipita. Hakuna aliyeitaja. Luhaga alisimama kamgeuzia mgongo, asije akasaidia hata kwa kukohoa. Fundo la mwisho Kashindye alilifunga, akalifungua, akalifunga tena polepole.

"Tayari."

Luhaga alifumba macho. Vidole vilikwenda toka pembe hadi pembe, vikarudi. Vikaanza tena kutoka chini, jicho moja moja, namna nisiyopata kuiona. Safari hii Kashindye hakucheka. Alikuwa akitazama vidole.

"Kiko wapi?" Luhaga aliuliza, macho bado kayafumba.

"Tafuta, mwalimu," alisema Kashindye.