Nilimwambia mtani wangu kiwandani kuwa amepunguzwa kazi, akacheka

Wakuu, salaam kwenu nyote, na shikamoo kwa wachache humu mlionizidi umri.

Meneja aliponiambia, "Kamwambie wewe. Ninyi ni watani, likitoka kwako halitamuuma," nilipaswa kumjibu hapana.

Nilimjibu sawa.

Ninayoandika hapa ni ukweli mtupu. Jina la mwenzangu nimelibadilisha, na kiwanda sitakitaja hata mkiniuliza PM. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, mnivumilie.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha mtu binafsi, nje ya Tabora mjini, upande wa kwenda Kwihara. Tulijaza risasi za shotgun, zile za marisau, yaani vipira vidogo vidogo vya risasi. Maganda na baruti vilikuja kwenye masanduku. Sisi tulipima baruti, tukaweka kizibo, tukamimina marisau, tukafunga mdomo. Wateja wetu walikuwa kampuni za uwindaji, na wakulima wenye vibali waliokuwa wakipambana na nguruwe pori.

Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kujazia. Ndahani alikuwa mpimaji wa baruti, na mkono wake ulikuwa hautetemeki. Risasi ikikamilika, aliitikisa karibu na sikio. Ikilia ndani, anaitenga pembeni.

"Hii ina kikohozi," anasema. "Mpelekeni hospitali."

Ndahani ni Mgogo, mimi ni Mnyamwezi.

Kwa vijana msiojua: babu zetu walibeba mizigo kutoka huku kwenda pwani, na njia ilipita Ugogo. Wagogo walikuwa na visima, wakawatoza ushuru ndipo wanywe maji. Wazee walitusimulia kuwa utani wetu ulizaliwa huko njiani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huna la kumfanya. Msibani yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kuchekesha, na anatakiwa achekeshe.

Basi kila asubuhi Ndahani alisimama mlangoni mwa chumba, mguu mmoja umeziba njia.

"We mpagazi, ushuru."

"Toka hapo, Mgogo. Kwenu mvua imewakataa, umekuja kunisumbua kwetu."

"Ushuru kwanza. Babu yako alilipa, wewe ni nani?"

Natoa karanga mfukoni, namtilia kiganjani, ndipo mguu unaondoka.

Karanga hizo mke wangu Veronika alizikaanga kila Jumapili na kuzifunga kwenye karatasi. Hakuwahi kudhani ni zangu.

Veronika alimpenda sana huyu mtu. Ndahani akija kwetu Kwihara, hata hajakaa, ameshaanza: "Shemeji, siku ukifa nitalala ndani ya kaburi lako. Hawa wapagazi wasiponipa jogoo mwekundu sitoki, na wewe huingii."

Veronika alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. "Mmesikia?" anatuambia. "Mimi nataka hivyo hivyo. Msije mkanizika kama mzigo wa mahindi."

Tulikaa hivyo miaka mingi.

Kisha soko likageuka. Halikugeuka siku moja. Vitalu vya uwindaji vilianza kupungua, na wageni waliokuja na kamera wakawa wengi kuliko waliokuja na bunduki. Wakulima nao wakaanza kupata risasi za kutoka nje, zimeshajazwa, kwa bei ambayo sisi hatukuiweza. Kulikuwa na wiki tunafagia chumba tu na kupaka mashine mafuta.

Oda zilizobaki zilikuwa za kampuni za ulinzi. Hao walitaka aina moja, nyingi, na haraka. Mwenye kiwanda akanunua mashine ya kujaza ambayo inapima baruti yenyewe.

Siku inashushwa kwenye lori tuliipigia makofi. Ndahani mwenyewe alishika kamba. Alipoiona ikifanya kazi alitikisa kichwa, akasema, "Inakimbia vizuri, lakini masikio haina."

Ijumaa moja meneja akaniita ofisini. Wapimaji wote wanapunguzwa. Barua zitatolewa Jumatatu getini. Wengine angewaita yeye mwenyewe mchana ule ule, mmoja mmoja, na kuwaomba wasitangaze kabla ya barua. Ndahani ndiye aliyemtia hofu, kwa sababu alikuwa wa zamani kuliko yeye mwenyewe pale kiwandani. Hapo ndipo akaniambia yale maneno niliyoanza nayo.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa vilevile. Nilijiambia kuwa namfanyia mwenzangu hisani. Ukweli ni kwamba sikutaka kuuona uso wake ukibadilika, na utani ulinipa mahali pa kujificha.

Jioni tulikuwa bombani tunanawa mikono, maana risasi ni madini ya sumu, huondoki bila kunawa. Nikamwambia:

"Mgogo, Jumatatu baki kwako ulale. Mashine imechukua kiti chako. Na ushuru umefutwa."

Akanirushia maji usoni.

"Ufutwe wewe na babu yako! Jumatatu nadai mara mbili."

Akacheka. Wakuu, na mimi nikacheka. Nilikuwa na nafasi ya kufuta maji usoni na kumwambia, "Ndahani, nisikilize." Nilifuta maji, nikachukua baiskeli yangu, nikaondoka.

Nyumbani Veronika aliniuliza imekuwaje, kwa sababu mchana nilikuwa nimempigia simu nikamweleza habari za wapimaji.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

"Na wewe?"

Nikainama kuvua viatu. Veronika akaacha kuchambua mchele, akanitazama.

"Basi hujamwambia, baba Paulo. Kesho nenda kwake. Kaa kwenye kiti, umwambie bila kucheka."

Jumamosi nilikwenda shambani kupalilia alizeti ambayo haikuwa na magugu. Jumapili nilimkuta sokoni, amezungukwa na watu. Aliponiona akapaza sauti: "Jamani, njooni mumwone mpagazi aliyenifukuza kazi!" Soko zima likacheka. Nilipunga mkono nikapita. Hiyo ilikuwa nafasi ya pili.

Jumatatu alifika mapema kuliko wote. Ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi. Alikuwa amesimama getini, mguu umeziba njia, mkono ameukunjua.

"Mara mbili, mpagazi! Nilikwambia!"

Watu wakacheka. Mlinzi hakucheka. Alitoa bahasha, akasoma jina, akamkabidhi.

Ndahani aliifungua akiwa bado anatabasamu. Alisoma. Akanitazama, na tabasamu lilikuwa bado lipo, likinisubiri. Alidhani tumepanga pamoja na mlinzi.

"Mpagazi, waambie hawa waache."

Nilitazama viatu vyangu.

"Ijumaa ulikuwa unasema kweli?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikacheka," alisema, polepole, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu. "Nikaenda kuchekesha watu sokoni."

Aliikunja barua ndogo kabisa, akaitia mfukoni. Kisha akauondoa mguu wake njiani, taratibu, ili nipite.

Wenzake waliopunguzwa walikuwa wamekaa siku mbili nzima na habari ile. Walilia, walipiga hesabu, walikuja asubuhi wakiwa wamejiandaa. Yeye peke yake alikuja na ovaroli ya pasi.

Ndahani alihamia Ulyankulu kulima, kwa ndugu wa mke wake. Nilichelewa kwenda. Nilipokwenda hatimaye, alinipokea vizuri, na nawaambia bila kutia chumvi kwamba mapokezi yale yaliniumiza kuliko kama angenifukuza. Alinipa kiti chenye mto. Mke wake alinichinjia kuku. Nilimwomba radhi mbele ya mke wake, nikitaja kila kitu: bomba, soko na geti.

"Nimeshasamehe, mzee mwenzangu," alisema. "Yalikuwa mambo ya kazi."

Mzee mwenzangu. Nilikuwa nimebeba karanga mfukoni. Nilikaa pale mpaka alasiri nikisubiri aziulize. Alinisindikiza hadi kituoni, akanitakia safari njema.

Kiwandani nako sikudumu. Kampuni za ulinzi zilibadilisha zikanunua kwingine, mashine ile ikafunikwa turubai, na mimi nikapewa bahasha yangu. Meneja alinikalisha chini, akaniambia kwa maneno ya kawaida, akanipa mkono. Nilirudi nyumbani najua nilikosimama. Nikafikiri, kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Mwaka jana Veronika aliugua, akatutoka.

Nilimpigia Ndahani simu mimi mwenyewe. Nilinunua jogoo mwekundu, nikamfunga kamba nyuma ya jiko. Wanangu waliuliza wa nini. Niliwaambia mama yenu alimwagiza.

Ndahani alikuja na mke wake, kutoka huko Ulyankulu, amevaa koti. Alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee. Mungu akutie nguvu."

Akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wageni wengine, mikono juu ya magoti. Dada yake Veronika alinisogelea akaninong'oneza, "Mtani yuko wapi? Mbona hajaanza?" Nikamwonyesha kwa kidevu.

Jeneza lilipofika kaburini nilitazama chini, nikisubiri mguu uzibe njia. Njia ilikuwa wazi. Kila kitu kilikwenda vizuri. Padri alitusifu kwa utaratibu.

Ndahani alitupa udongo wake kama wengine, na alipogeuka niliona analia. Alimpenda shemeji yake. Nadhani alitaka kuruka ndani ya lile kaburi kuliko mtu yeyote pale, ila hakuna awezaye kutania nyumba ambayo utani wake ulimdhalilisha.

Jioni nilimfungua yule jogoo kamba. Bado yupo, ananiamsha.

Wakuu, kama una cheo chochote, na soko likahama, na ukatumwa kumwambia mtu kuwa kazi yake imeisha, usimpelekee habari hiyo kwa mlango wa urafiki. Mkalishe. Mtazame. Acha uso wake ubadilike mbele yako. Na kama huwezi, mrudishie aliyekutuma.

Aliyewahi kumkosea mtani wake kisha wakarudiana, anieleze alianzia wapi. Nitasoma kila jibu, hata la matusi. Ya matusi nitayasoma mara mbili, maana siku hizi hakuna anayenitukana.

Ile sawa niliyomjibu meneja siku ile ya Ijumaa ilinigharimu mtani wangu, na Veronika akazikwa bila mtu wa kumchekesha.