Meno Mawili ya Ekai

Ekai Lowoi alikuwa na meno thelathini na mawili, na mwaka wa 1966 pale Isiolo, mawili kati ya hayo yalikuwa ya ziada. Watu husema meno kamili ni neema. Waulize waliokuwepo.

Mamake, Nakiru, ndiye aliyekuwa mng'oa meno wa Waturkana wa mjini. Kwao mtoto akishapata akili hung'olewa meno mawili ya mbele ya chini. Ni urembo, ni alama ya nyumbani, na tena ni kinga, kwa maana mtu akishikwa na pepopunda, taya zikajifunga kama duka la Mhindi saa ya chakula, maziwa yatapita katika lile pengo. Nakiru alikuwa na kichuma chake chenye ncha bapa, kimefungwa katika ngozi ya mbuzi, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Nusu ya vicheko vya Waturkana wa Isiolo vilipitia kwenye pengo alilolifungua yeye.

Zamu ya mwanawe ilipofika, mwanawe alitimua mbio. Alijificha misheni nyuma ya magunia ya mahindi, na mwalimu wa huko akamtetea, akisema Mungu hakuumba meno ya kutolewa. Siku ya tatu Nakiru alikifunga kichuma chake na kusema, "Basi na atafune kama punda." Jina likamshika. Wenzake walimwita Punda mpaka akaota ndevu, naye akajifanya hasikii, lakini alisikia vizuri sana.

Akakua. Akapata kazi karantini ya mifugo, kuswaga ng'ombe kwenye josho. Akamwoa Roda, wakapanga chumba mtaa wa Bulla Pesa, ukuta mmoja na Tadicha, Mborana aliyeuza maziwa ya ngamia. Ekai alikuwa mtu wa kanisa, Tadicha mtu wa msikiti, na kila asubuhi walitaniana kwa salamu za kubadilishana. Tadicha alisema, "Habari ya asubuhi, ndugu yangu," na Ekai akajibu, "Aleikum salaam." Ekai alikunywa maziwa ya ngamia kwa Tadicha hata akasahau ladha ya mengine, na Kiborana alikijua kama mtu anavyojua njia ya chooni.

Halafu punda wa Tadicha alimpiga bwana wake teke kisimani. Meno mawili ya mbele, ya chini, yakaenda na maji. Ekai alicheka siku tatu. Nakiru aliletwa kuitazama ile kazi, akaingiza kidole, akaguna. "Safi," alisema. "Huyu punda amefundishwa na nani?"

Wakati huo vita vya shifta, waasi waliotaka kuimega kaskazini iwe ya Wasomali, vilikuwa vimeshika moto. Mabasi yalichomwa njiani, mifugo ikapigwa risasi, na kila mtu alimwogopa mwenzake. Sasa vita vina tabia moja mbaya: hutaka kujua mtu ni nani, na hutaka jibu upesi. Amri ikatoka kwamba watu wa Bulla Pesa wakaguliwe mmoja mmoja. Wasomali na Waborana wapandishwe lori Ijumaa, wapelekwe kijiji cha seng'enge upande wa Kulamawe, wakae huko mpaka serikali itakapotulia moyo. Wengine wapewe cheti wabaki kwao. Ekai hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na wasiwasi wa jambo moja tu, kwamba Roda alikuwa na mimba ya miezi minane, na foleni ilikuwa ndefu.

Ukaguzi ulifanywa kando ya barabara, chini ya mabati, na Koplo Isaac. Koplo alikuwa ametoka ziwani, magharibi kabisa mwa nchi, ana wiki mbili Isiolo, na mbele yake kulikuwa na karatasi ya alama za makabila. Mmeru: ana miraa mfukoni. Mturkana: hana meno mawili ya chini. Mborana na Msomali: mrefu, mwembamba, hunywa maziwa ya ngamia. Koplo aliiamini karatasi hiyo sana, kwa kuwa yeye mwenyewe, kwa desturi ya wazee wa kwao, alikuwa ameng'olewa meno sita. Mtu kwake alianzia kinywani.

Tadicha alitangulia. Alifungua mdomo atoe salaam. Koplo akachungulia mle ndani.

"Mturkana," alisema, akagonga muhuri. "Pita, mzee."

Tadicha alibaki amesimama, mdomo wazi. Ilibidi asukumwe.

Ekai akaja akitabasamu, meno yote thelathini na mawili yakimeta, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

"Wewe ni kabila gani?"

"Mturkana, afande. Ekai Lowoi."

"Meno yako mbona iko yote?"

"Nilitoroka, afande."

Koplo aliandika neno *alitoroka* na kulipigia mstari. Akanusa. "Na unanuka maziwa ya ngamia."

"Nanunua kwa jirani, afande."

"Jirani kabila gani?"

Ekai alimtazama Tadicha, Mturkana wa dakika tano, aliyekuwa amekishika cheti kama kaa la moto. Hakumtaja. Kisha, kwa hasira, akasema neno ambalo Roda alimlaumu kwalo mpaka uzeeni: "Afande, kama Mturkana ni mtu hana meno mbili, basi wewe huna sita. Wewe ni Mturkana mara tatu."

Askari wawili waliangalia juu kwenye mabati. Koplo Isaac hakucheka. Alimwita Tadicha. "Wewe mzee, hii mtu anasema ni wa kwenu. Hebu mwongeleshe lugha yenu."

Tadicha alijua Kiturkana cha sokoni, maneno manne, na matatu kati yake yalikuwa matusi. "*Nagaa*?" akamsalimu kwa Kiborana, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

"*Nagaa*," akajibu Ekai, maana ulimi haujui vita.

"Haya, anaongea namna gani?"

"Anaongea..." Tadicha alijipangusa jasho. "Anaongea kama mtu amesomea misheni, afande. Lakini ni wetu."

Koplo alifikiri. Lugha mtu hujifunza, alisema, lakini meno hayajifunzwi. Ekai akapewa mpaka Ijumaa alete ushahidi. Asipoleta, lori. Na Tadicha, kwa kuwa alikuwa Mturkana asiye na shaka, akateuliwa papo hapo kuwa mzee wa kuwathibitisha Waturkana wengine.

Alhamisi asubuhi Ekai alikwenda kwa mamake, akakaa kwenye kigoda, akafunga macho.

"Mama, toa."

Nakiru alikuwa amelingoja neno hilo miaka ishirini na mbili. Alikileta kichuma. Alikinoa kwenye jiwe, polepole, akiimba kidogo. Alimshika mwanawe kidevu, akakiinamisha kichwa chake palepale anapopataka. Ekai alihisi ubaridi wa chuma kwenye ufizi, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni hakutaka kukimbia. Alitaka liishe. Alitaka mtoto wake azaliwe akiwa nyumbani.

Chuma kikaondoka.

"Nani amekutuma?" mamake aliuliza.

"Unajua, mama. Yule koplo."

"Nilitaka kukutoa meno ukawe mtu wangu. Ukakataa, nikakuacha uende nayo." Alikifunga kichuma katika ngozi yake. "Sitakutoa ukawe mtu wa koplo. Kesho nitaenda mwenyewe. Mimi ndiye nilikuzaa, nitamwambia."

Ekai alilia, na hakuona haya.

Ijumaa walifika mapema. Lori lilikuwa limeshajaa watu upande mmoja, wakibanana na vyungu na magodoro. Nakiru alisogea mezani, akasema yeye ni Mturkana na huyu ni mwanawe, na kwa uthibitisho akafungua kinywa. Koplo akachungulia kwa muda mrefu. Uzee ulikuwa umepita mle. Hapakuwa na jino la chini wala la juu.

"Mama, pole," alisema kwa heshima kabisa. "Hapa naona kabila yote."

Hivyo jambo likarudi kwa mzee wa Waturkana. Tadicha aliitwa, kofia yake ya msikitini ameivua haraka njiani. Kabla hajasema, Koplo, ambaye hakuwa mjinga, alimgeukia Nakiru. "Mama, na huyu mzee wenu unamjua?"

Ekai aliutazama uso wa mamake. Neno moja tu, na Tadicha angepanda lori. Na huenda kwa ukweli huo Koplo angemwamini kikongwe katika mengine yote. Aibu yake ni kwamba hakujua anaomba jibu gani.

"Namjua," Nakiru alisema. "Haya meno nilimtoa mimi kwa mkono wangu. Huyu ni mwanangu wa kwanza."

Koplo akaandika. Tadicha Lowoi, mwana wa Nakiru. "Na huyu?"

"Mdogo wangu," alisema Tadicha. "Alikuwa mwoga wa chuma."

Muhuri ukagonga. Ekai alikipokea cheti kwa mikono miwili. Ni hapo sauti ilipotoka juu ya lori.

"Tadicha! Wewe Tadicha!"

Alikuwa Denge, ndugu yake Tadicha, tumbo moja, aliyeletwa kutoka Sericho siku ile ile akiwa amefungwa mikono kwa kamba. Alikuwa akilia kwa furaha ya kumwona mtu wake. Tadicha hakugeuka.

Koplo aliweka kalamu chini. "Huyo juu anakuita. Ni nani yako?"

Tadicha alifungua mdomo. Pengo likaonekana, neno halikuonekana. Denge alimtazama yeye, akakitazama cheti, akamtazama yule bibi wa Kiturkana aliyemshika mkono kama mama. Hakuwa mtu wa kufafanuliwa mambo mara mbili.

"Samahani, afande," alisema Denge kutoka juu. "Nimemfananisha. Ndugu yangu Tadicha ana meno yake yote."

Lori likaondoka kuelekea Kulamawe. Denge hakupunga mkono, kwa vile mikono ilikuwa na kamba, na Tadicha hakupunga, kwa vile Mturkana hana wa kumpungia pale. Nakiru ndiye aliyesimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Mchana ule Roda alichinja jogoo kwa furaha, akampakulia mumewe paja zima. Tadicha alikaa upande wa pili wa ukuta, na hakukusikika kitu. Ekai alilitia paja mdomoni. Alikuwa na meno thelathini na mawili, na hata moja halikukubali kutafuna.